Viroboto Huamshwa na Miguu

28 Agosti
Tunahama tena. Kimbunga kinakuja, na amri imetoka asubuhi: kila aishiye kusini ya daraja aondoke kabla ya jua kuzama. Nolan, mume wangu, ameipeleka boti upande wa juu wa bayou, huu mto wetu wa kinamasi, na kuifunga kwenye miti. Mama yake, Odalie, mwanamke wa miaka themanini na minne, amepakia garini vitu vitatu tu: sufuria yake ya chuma, sanamu ya Bikira Maria, na mbwa. Vitu vitatu hivyo vimejaza gari zima. Nguo zangu nimezipakata.

"Sufuria ya nini, Mama? Tunakokwenda kuna sufuria."

"Za kwao," akasema, na hapo mjadala ukaisha.

31 Agosti, Ville Platte
Tuko kwa Wilfred, binamu yake Nolan. Kimbunga kimepita usiku wa juzi. Alcide, jirani yetu ambaye hajawahi kuhama hata akitishwa na bunduki, amepiga simu: nyumba imesimama, bati la jikoni limekwenda zake, umeme hakuna.

Wilfred anafuga mbwa wa kuwinda, kundi zima, kwenye banda la nyasi kavu. Tibou wetu analala nao. Nilisema simtaki huko. Mama Odalie akanijibu, "Mwache naye atembelee ndugu zake. Sisi si tumetembelea ndugu zetu?"

4 Septemba
Bado tupo. Nimeosha vyombo vya watu wengine mpaka nimechoka kuwashukuru.

7 Septemba
Tumerudi. Njia nzima paa za watu zimefunikwa maturubai ya bluu, na mafriji yamesimama kando ya barabara yakiwa yamezungushiwa utepe wa gundi, yamebeba uozo wa watu. Letu limeungana nayo. Nolan na Alcide walilibeba wakiwa wamejifunga vitambaa puani, na bado Nolan alitapika.

Katika pilikapilika hiyo nani angemkumbuka mbwa? Kabla sijaufunga mlango, Tibou alikwishazunguka nyumba nzima kama mwenye hati miliki. Kitandani kwetu, kitandani kwa Mama, kwenye zulia la sebuleni. Mifuko ya nguo niliimwaga palepale sakafuni. Nilitaka tu kulala.

11 Septemba
Umeme umerudi. Nimewashwa miguu usiku kucha. Mbu, nadhani, maji yametuama kila mahali.

12 Septemba
Mbu.

15 Septemba
Si mbu. Mbu haumi vifundoni peke yake, kwa mstari, kama anayeshona. Jioni niliweka sahani ya maji na sabuni chini ya taa sebuleni, asubuhi nikaikuta ina vidoti vyeusi. Nilivitazama kwa miwani ya Mama Odalie. Viroboto.

Nilimwonyesha Nolan. Akacheka. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Nikamwambia kwangu kiko kwenye soksi za mume.

16 Septemba
Siku nzima nimefua. Mashuka, mapazia, foronya, blanketi la Tibou, kila kitu kwa maji ya moto kabisa. Tibou nimemwosha uani mara mbili, akaniangalia kwa macho ya mtu aliyesalitiwa. Nimefyonza vumbi kila chumba kwa mashine. Mgongo wangu umekataa kunyooka.

Nilipoingia kumtandikia Mama, nikakuta chini ya godoro lake matawi ya ule mti wa nta unaoota kando ya kinamasi. Majani mabichi, yamejaa wadudu wake yenyewe.

"Mama, ndiyo kwanza nimesafisha!"

"Na mimi nimesaidia. Mama yangu aliweka haya, hatukujua kiroboto ana sura gani."

"Mama yako alilala kwenye nyumba ya sakafu ya mbao tupu. Wewe una zulia."

"Nani aliliweka zulia?" akaniuliza.

Mimi niliweka. Nilinunua mwenyewe, mwaka tuliohamia kwake baada ya mzee, mumewe, kufariki. Nilitoka nikaenda kukaa garini.

18 Septemba
Mvua. Wamepungua, au ninajidanganya.

20 Septemba
Wifi yangu Lorena amekuja kutoka Baton Rouge bila taarifa. Lorena ni dada mkubwa wa Nolan, mtu anayeingia nyumbani akitazama dari kwanza. Safari hii hakutazama dari. Alimvua mama yake viatu ili amkate kucha, akaiona ile miguu. Ngozi ya mtu wa umri ule ni kama karatasi. Madoa mekundu mpaka magotini, mengine amejikuna hadi yametoa damu.

Lorena hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nolan, hii nini?"

"Viroboto, dada. Tunashughulika nao."

"Tangu lini?"

Mama Odalie akadakia, "Wameletwa na kimbunga, Lorena. Mlaumu Mungu."

"Mungu hakumlaza mbwa kitandani kwako, Mama." Akanigeukia mimi. "Wifi, sikusemi. Najua una mengi. Lakini yule ni mama yangu. Chumba kiko tayari kwangu. Nitakuja kwa Watakatifu Wote, Novemba mosi, kupeleka maua makaburini. Nikikuta kiroboto mmoja, mmoja tu, naondoka na Mama."

"Na Tibou?" Mama akauliza.

"Jengo letu haliruhusu mbwa."

Mama Odalie alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miguu mitupu, mikono mapajani. Nolan naye alitazama nje.

Nitaandika ukweli maana hapa hasomi mtu. Nilifurahi. Niliona jiko langu, kabati zangu, kiti nitakachokiweka ninapotaka. Miaka saba ninaishi kwenye nyumba ya mwanamke mwingine nikiomba ruhusa ya kuhamisha chumvi. Nilifurahi, kisha nikaona haya, kisha nikafurahi tena.

23 Septemba
Nolan amenunua dawa ya bomba, tumepuliza. Nyumba inanuka kama duka la matairi. Leo hakuna aliyeumwa.

25 Septemba
Wameuma.

26 Septemba
Nolan ana mpango. Uko hivi: kiroboto anaishi kwa damu. Ondoa damu, atakufa njaa. Tupulize tena, tufunge nyumba, twende tukalale kwenye boti siku kumi. Msimu wa kamba wenyewe ndio huu, atakuwa anavua, sisi tunakula, viroboto wanakufa. Alieleza huku amesimama, kama padri.

"Umesikia wapi?" nikamuuliza.

"Ni akili tu, Velma. Wewe usipokula siku kumi utafanyaje?"

Watu wa huku ndivyo tulivyo. Jambo likitushinda nchi kavu tunapanda boti.

Tibou tumempeleka kwa daktari wa mifugo mjini Thibodaux, amepewa kidonge. Daktari alikuwa na foleni hadi nje, hatukuongea.

29 Septemba, kwenye boti
Watu watatu na mbwa kwenye chumba ambacho nikinyoosha mkono napika na nikiurudisha nalala. Boti inaitwa *Miss Odalie*. Hata nikimkimbia nimo ndani yake.

1 Oktoba
Joto. Kamba wengi. Mikono yangu inanuka hata nikiipaka ndimu.

3 Oktoba
Nilikuwa nikimenya kamba na Mama nyuma ya boti, Nolan amelala. Yeye anamenya kwa kidole gumba tu, hatazami, wangu mmoja wake watatu. Ghafla akasema:

"Mavyaa yangu alikuwa ananihesabia mayai."

"Mayai ya nini?"

"Ya kuku. Kila asubuhi. Akikuta moja limepungua, nimekula mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeolewa juzi. Nikitaka kulia naenda nyuma ya banda la kuku." Akatupa maganda majini. "Wewe unalilia garini."

Sijawahi kumwambia mtu.

"Ndiyo maana siku hizo sikuombi unipeleke dukani," akasema, akavuta ndoo karibu.

Nimeshindwa kulala. Ninapekua miaka yote saba, kila siku aliyosema "leo sihitaji kitu dukani," nami nikadhani amenuna.

6 Oktoba
Upepo. Nataka nyumba yangu. Nimeandika "yangu," nione inavyokaa.

8 Oktoba
Sijui nianzie wapi.

Tumefika saa nne asubuhi. Nolan alifungua mlango kwa mbwembwe, "Karibuni kwenye makaburi yao!" Nyumba kimya, hewa nzito, dawa imeshafifia. Tuliingia. Mama akaenda moja kwa moja chumbani kwake, nami nikavuka sebule kufungua madirisha. Nilikuwa nimevaa suruali nyeupe ya zamani, ile ya kupakia rangi.

Nilihisi kwanza, kisha nikaona. Suruali ilikuwa inageuka rangi kuanzia chini. Walikuwa wanaruka kutoka kwenye zulia kama mafuta ya kaangio. Mamia. Walikuwa wachanga, wembamba, wana njaa ya kuzaliwa. Nikapiga yowe. Nolan akaingia akikimbia, naye wakampanda. Tulikimbilia chumbani kwa Mama, tukamkuta amesimama katikati, ameinua gauni, anatazama miguu yake bila kusema kitu. Nolan alimbeba mgongoni hadi nje. Mtu mzima wa miaka hamsini na nne amembeba mama yake kwenye ngazi, wote wawili wamejaa viroboto, na mimi nyuma nikiwafuta kwa taulo lililolowa.

Uani tulijimwagia maji na nguo zetu. Mama akakamua pindo la gauni lake.

"Nitakwenda," akasema. "Mwambieni Lorena asingoje. Nitakwenda."

"Hakuna anayekwenda," Nolan akasema.

"Wewe nyamaza, mpango wako tumeuona."

Nolan akakaa kwenye ngazi akalia. Sijawahi kumwona akilia tangu msiba wa baba yake. Mama Odalie alimwangalia, akamwekea mkono kichwani, mkono wenye alama nyekundu kumi, na akaniangalia mimi juu ya kichwa chake. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na alikuwa anaogopa. Yule mwanamke alikuwa anaogopa.

Nilitafuta ile furaha yangu ya Septemba. Sikuipata.

9 Oktoba
Tumelala kwenye boti. Asubuhi nimekwenda Thibodaux na safari hii nimesimama mbele ya daktari wa mifugo mpaka akaniangalia. Nikamweleza mpango wa njaa. Aliuma mdomo asicheke.

Kumbe iko hivi. Kiroboto mzima ukimpulizia anakufa. Lakini mtoto wake anajifungia kwenye kijumba cha nyuzi ndani ya zulia, na humo dawa haiingii. Analala. Anaweza kulala wiki, hata miezi, nyumba ikiwa tupu. Anangoja dalili ya mtu: joto, pumzi, mtikiso wa miguu. Akihisi miguu anatoka papo hapo, na ana njaa. Sisi tuliwaachia nyumba walale kwa amani, kisha tukaingia kwa vishindo, wote wakaamka pamoja.

"Kwa hiyo tungekaa tungekuwa salama?"

"Mngekaa wangetoka kidogo kidogo, nanyi mngekuwa mnawafyonza kila siku. Dada, mnaporudi safari, mbwa na nguo vishughulikieni nje kwanza, kabla ya kuingia. Basi. Lakini hilo limepita. Sasa fyonzeni kila siku, fueni kwa moto, pulizeni hii inayozuia watoto wasikue. Na msihame."

Nilimsimulia Mama. Alikuwa anakata bamia. Kisu kikasimama.

"Wanaamshwa na miguu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi tuwaamshe wote siku moja, tumalizane nao."

"Kwa kitu gani?"

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza jua linatoka wapi. "Kwa dansi, Velma. Unadhani watu hukanyaga nyumba kwa kitu gani?"

10 Oktoba
Ameshika simu tangu kifungua kinywa. Nilidhani ataficha. Namsikia akizungumza na Wilda, jirani yetu:

"Wilda? Kesho dansi hapa nyumbani. Njoo na soksi nyeupe ndefu, za magotini. Kwa nini? Tuna viroboto, kwa nini!"

Nilitamani bayou inimeze. "Mama, utatangaza bayou nzima?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua." Akarudi kwenye simu, akasikiliza muda mrefu, akaanza kucheka mpaka akashika meza. Akafunika simu kwa kiganja. "Wilda naye anao! Tangu arudi kutoka Lafayette. Anasema alidhani ni yeye peke yake, anajikuna bafuni ili mumewe asimwone!"

Kufika jioni tulikuwa tunajua. Nusu ya bayou ilirudi na viroboto na inajikuna kimyakimya.

11 Oktoba
Jumamosi. Nataka niandike yote.

Tulitoa viti na meza nje, tukaacha mazulia. Madirisha wazi. Tibou amefungwa kwa Alcide. Watu walikuja na sufuria za gumbo, ule mchuzi mzito wa bamia, na soksi nyeupe hadi magotini, wamechomekea suruali ndani, wazee kwa vijana, ukiwaona utadhani timu ya mpira iliyoshindwa kukumbuka mchezo. Alcide akakaa dirishani na kodiani yake, miguu nje, kwa usalama wake.

"Pigeni miguu!" Mama Odalie akaamuru. "Atakayecheza kwa madaha arudi kwao!"

Wakapiga. Nyumba yetu imesimama juu ya nguzo, ikawa inalia kama ngoma. Chumba kwa chumba: wimbo mmoja sebuleni, mmoja ukumbini, miwili chumbani kwa Mama. Walitoka. Mama yangu wee, walitoka! Soksi zikawa na pilipili manga. Watu wanapiga kelele, wanacheka, wanajipangusa kwenye ndoo za sabuni, wanarudi. Mimi nilikuwa na mashine, napita katikati ya wachezaji nafyonza, na Wilda ananifuata na waya asikwaze mtu.

"Velma, mwenzako hapa, kifundoni! Nifyonze!"

"Ngoja zamu, Wilda, kuna watu mbele yako!"

Kisha Alcide akapiga wimbo wa taratibu. Nolan akaenda kwa mama yake akainama. Mama hajacheza tangu mzee wake afariki, kila mtu hapa anajua. Alisita. Akatazama soksi zake, akasema, "Haya, kwa ajili ya viroboto." Walizunguka polepole juu ya lile zulia langu. Nilizima mashine. Niliona jinsi alivyo mdogo. Kwa miaka saba nilimwona anajaza nyumba, na kumbe anafika kifuani mwa mwanawe tu.

Baadaye tulifunga mfuko wa vumbi ndani ya mfuko mwingine na mwingine tena, tukautupa mbali. Tukapuliza ile dawa ya daktari. Tukalala barazani wote, na hatukuhama.

12 Oktoba
Nimefyonza. Wachache.

13 Oktoba
Nimefyonza. Dansi imehamia kwa Wilda.

16 Oktoba
Mvua, fua, fyonza. Mama anashika waya.

19 Oktoba
Hakuna.

22 Oktoba
Mmoja, kwenye soksi ya kushoto, chumbani kwa Mama. Nilikaa kwenye zulia nikamtazama akiruka. Daktari alisema watatoka wa mwishomwisho, nisikate tamaa. Nimekata. Siku zinakwisha. Nimefyonza chumba hicho mara tatu, Mama akitembea kando yangu akikanyaga kwa nguvu, amenishika bega.

25 Oktoba
Tumekwenda kupaka makaburi chokaa, kama kila mwaka. Mama alipaka la mumewe mwenyewe, brashi ndogo, taratibu, pembe kwa pembe. Upande wa kulia kuna nafasi. Alipiga pale kwa kiganja.

"Hapa pangu. Lorena atanirudisha, najua. Lakini nitarudi nikiwa sijui kwamba nimerudi."

Nilichota chokaa nikaendelea upande wa pili.

28 Oktoba
Hakuna. Nimepita na soksi asubuhi na jioni.

30 Oktoba
Hakuna. Nimemchana Tibou kwa kitana chembamba, hakuna. Sina raha. Nasikia miguu inaniwasha mahali pasipo na kitu.

1 Novemba
Lorena alifika mapema, gari limejaa maua ya njano, na pakiti mpya ya soksi nyeupe mkononi. Sijui nani alimpa habari, ila bayou haina siri tena. Alizivaa barazani bila kusalimiana sana. Aliingia. Tulimsikia akienda chumba kwa chumba, akipiga miguu chini kama mtoto aliyesusa. Chumbani kwa mama yake alikaa muda mrefu kuliko kote. Nolan alikuwa anauma kucha.

Alitoka, akaketi kwenye ngazi, akavaa miwani, akazigeuza soksi ndani nje. Akamshika mama yake miguu, akaipapasa. Ilikuwa imepona, imebaki makovu ya kahawia.

"Sawa," akasema. "Sina la kusema."

"Wewe?" Nolan akasema. "Huna la kusema? Mwiteni padri!"

Lorena akacheka, akajifuta macho. Nilidhani yamekwisha, nikainuka kuleta kahawa.

"Bado," Mama Odalie akasema. "Keti, Velma."

Nikaketi.

"Lorena kaulizwa anataka nini. Nolan kaulizwa. Mbwa kachanwa hadi mkiani. Huyu hakuna aliyemuuliza." Alinielekezea kidevu. "Yeye ndiye anayelala ukuta mmoja nami. Yeye ndiye aliyefua. Niende au nikae, mwanangu? Sema kweli. Sitavunjika."

Wote walinitazama. Mwezi wa tisa jibu lilikuwa tayari ulimini. Nilitaka kusema kitu kizuri, kirefu, kinachofaa siku ya watakatifu.

"Kaa," nikasema.

"Sikusikia."

"Nimesema kaa, Mama! Kaa!"

Ng'ambo ya maji Alcide aliinua kichwa kutoka kwenye nyavu zake. Mama Odalie aliitika kwa kichwa, akanyoosha gauni, akamwambia Lorena alete maua, makaburi yanangoja. Alipopita mbele yangu aliniminya mkono. Alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza. Masikio yake ni mazima kuliko yangu.